Muchezo unakwama, mutoto anakasirika: tuanzie wapi?



Tangu vakanse ya mwisho, ulizo moja inarudia kila mara wakati tunakutana. Inakuja namna hii: «Madamu, kijana wangu anacheza ku telefone na watu wa mbali. Muchezo unakwama, anapiga kelele, anatupa telefone ku kiti, kisha anakuja kuniomba forfe kubwa zaidi. Nimununulie?» Jibu langu ya mufupi ni: bado. Usitoshe feza mbele ya kujua ni nini yenye inakwama. Jibu ya murefu ni hii ya leo, na ninaomba musome mupaka mwisho, juu kuko musichana mumoja mu hii habari mwenye karibu apoteze masomo yake juu ya kosa yenye hakufanya.

Ninajua kuko wamama wenye watasema: michezo ya telefone ikwame tu, tena ikwame kabisa! Mimi ni mwalimu, na kisha saa tatu ya usiku sipendi kuona telefone mu mukono ya mutoto mwenye atakuja kusinzia ku banki kesho yake. Lakini mama mumoja wa Kasulo aliniambia: «Wakati anacheza, ninajua fasi eko.» Mutu mwenye anaishi Kolwezi anaelewa yale maneno bila kufasiriwa. Tunajua mashimo iko wapi na wavulana wa miaka gani wanabebaka mufuko. Tena tunajua wale wenye wanatoka usiku na kuenda kukaa chini ya ukuta ya hoteli, juu pale rezo ya watu inavuka ukuta. Kama muchezo unatembea muzuri nyumbani, mutoto anabakia nyumbani. Kwa hiyo tuchukue hii ulizo kwa uzito.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vyenye watu wanachanganya. Munajua barabara yenye inatoka hapa, inapita Likasi na Lubumbashi, mupaka Kasumbalesa. Upana wa barabara ni kitu kimoja: unaonyesha makamyo ngapi inaweza kupita pamoja. Wakati wenye mutu mumoja wa pikipiki anatumia ili kuenda na kurudia ni kitu kingine. Kununua forfe ya mega mingi ni sawa na kulipia makamyo mingi. Lakini muchezo hautumi makamyo. Unatuma mutu wa pikipiki na barua ndogo: «nimeruka», «nimepiga mupira», «nimejificha nyuma ya nyumba», na anarudia na jibu, mara makumi kwa kila sekonde. Barua yenyewe ni ndogo sana. Muchezo wa mupira ao wa kupigana unakula makumi ya mega kwa saa moja. Video ya wazi inakula mara kumi ya ile, na zaidi. (Kushusha muchezo wenyewe siku ya kwanza, ao toleo yake ya mupya, ile ndiyo inakula mingi.) Kwa hiyo mama mwenye ananunua forfe ya mara mbili ili muchezo usikwame anaongeza makamyo, na pikipiki inabakia palepale mu foleni.

Ile safari ya kuenda na kurudia watoto wanaiita pingi. Inapimwa kwa milisekonde. Sekonde moja iko na milisekonde 1,000. Michezo mingi inaonyesha ile namba ku kona ya juu, pamoja na rangi: ya kijani, ya manjano, nyekundu. Chini ya 100, mutoto anacheza kwa raha. Kati ya 100 na 200, anavumilia. Ikipita 300, anapiga mutu mwenye alishaondoka pale, na ndio kelele inaanza. Tena kuko jambo lingine: namba yenye inaruka-ruka, 80, kisha 400, kisha 90, inachokesha kuliko 150 yenye inatulia. Mwenye kwenda soko anaelewa: moto-taksi yenye inachelewa dakika kumi kila siku, unapanga kazi yako, yenye leo inafika na kesho inakuacha saa nzima, huwezi kupanga kitu.

Sasa tuingie mu nyumba moja ya Manika. Mama wa ile nyumba, mwenye anauzisha vikwembe, alinipa ruhusa ya kueleza, bila jina.

Baba anatumika mu mugodi kwa zamu. Musichana wa kwanza eko mu mwaka wa sita, anatayarisha Egzeta. Kijana mwenye kumufuata iko na miaka 14, ndiye muchezaji. Kisha wadogo wawili. Telefone tano, modemu moja yenye kuingizwa kadi. Kila mangaribi muchezo ulikuwa unakwama, na kila mangaribi kijana alikuwa anasema maneno yaleyale: «Yaya anakula rezo!» Mama alichoka, akamukataza musichana kushikamana na intaneti kuanzia saa moja mupaka saa tatu ya usiku, ni kusema saa zenye umeme uko na kazi za nyumbani zimeisha. Musichana akaanza kuenda kwa rafiki yake ku avenue ya tatu ili kusoma maulizo ya Egzeta za miaka iliyopita, na alikuwa anarudia mu giza. Wakati ileile mama alikuwa anangojea zamu yake ya likelemba, na alishakata shauri: ile feza itanunua antene ya satelaiti, ili vita iishe.

Nilimuomba kitu kimoja tu: siku saba na kaye moja.

Mu kaye tulichora mistari mine: saa, fasi mutoto amekaa, telefone zenye kushikamana ile wakati, namba ya pingi. Kijana mwenyewe ndiye alipewa kazi ya kuandika. Mutoto mwenye anakataa kuandika zoezi moja ya hesabu alijaza zaidi ya mistari 40 bila kusukumwa, na kwa rula! (Siku ingine nitaandika juu ya ile tu.) Kanuni ilikuwa moja: usibadilishe vitu viwili pamoja. Ukihamisha modemu na kuzima telefone ya dada yako mara moja, hautajua ni nini yenye ilisaidia. Ni kama mama mwenye anaongeza chumvi na maji mu sufuria kwa mara moja, kisha anauliza juu ya nini supu imebadilika.

Kaye ilisema hivi. Asubui, karibu na modemu, 160 hivi. Mu chumba cha wavulana, nyuma ya kuta mbili za matofali ya kuchoma, 240, tena inaruka-ruka. Wakati musichana peke yake anashikamana na kusoma karatasi zake, namba haikubadilika hata kidogo. Wakati wadogo wanaangalia katuni, inapanda kidogo. Lakini kila siku, kisha saa kumi na mbili na nusu, inapanda kwa mara moja mupaka 700, hata 900, inabakia juu karibu saa nzima. Jumapili, mangaribi yote, haikupanda.

Nani anaingia nyumbani saa kumi na mbili na nusu, siku zote isipokuwa Jumapili?

Tulifanya jaribu ya kuzima telefone moja kwa moja. Tulipozima ya baba, namba ilishuka mbele ya macho yetu. Telefone yake, mara tu inaona wifi ya nyumba, inaanza kupandisha mu intaneti picha na video zote za muchana ili kuzibakisha, na wakati uleule vikundi vyake vya kazi vinashusha video zao. (Mu Kiswahili tunachofundisha, wifi ni dada ya bwana. Ile nayo ikikasirika, nyumba haina amani.) Njia ya kupandisha mara mingi ni nyembamba kuliko njia ya kushusha. Video moja kubwa ikiingia mule, ni sawa makamyo yenye yanajipanga ku Kasumbalesa: mutu wa pikipiki na barua yake ndogo anasimama nyuma, hata kama hana mzigo. Baba hakujua. Telefone yake inafanya ile kazi kimyakimya, haiombi ruhusa.

Nani atamuambia baba? Ile ilikuwa jaribu kubwa kuliko zote. Mama alingojea amalize bukari, kisha akasema: «Baba watoto, hakuna mutu anakukataza kubakisha picha zako. Lakini zipande wakati tunalala.» Alicheka, akatoa telefone. Ingia mu parametre ya programu ya picha, zima ile ya kujibakisha yenyewe. Sasa yeye mwenyewe anaiwasha mbele ya kulala. Mu WhatsApp, ingia mu parametre, fasi ya stokaji na data, ukatoshe alama ku video, ili zishuke tu wakati umezigusa. Mu duka ya programu za telefone, kataza programu zisijifanye mupya zenyewe. Ni dakika kumi kwa kila telefone, na zinafanywa mara moja.

Kisha tukahamisha modemu. Ilikuwa juu ya kabati ya chuma mu kolido, nyuma ya frigo. Chuma inafunga njia, maji nayo inafunga njia, na frigo iko na vyote viwili. Tuliiweka ku dirisha ya salo yenye inaangalia munara wa antene. Karibu nayo, namba ilishuka kutoka 160 mupaka 110. Kama modemu yako inatoa mawimbi mawili, ile yenye kuandikwa 5 ni ya mbio lakini inashindwa na kuta. Ile ya 2.4 inafika mbali lakini majirani wote wako ndani yake. Mutoto mwenye anacheza akae mu chumba kimoja na modemu, ashike ile ya 5. Kuliko yote, kama modemu iko na tundu ya waya na nyumba iko na mashini ya kucheza ao ordinatere, waya inapita wifi yoyote.

Kuko sehemu yenye hatukuweza kutengeneza. Kati ya saa mbili na saa ine ya usiku namba inapanda tena, hata telefone zote zimezimwa. Ile si ya nyumba. Munara mumoja unagawanya nguvu yake kwa avenue nzima, na ile saa avenue nzima inaangalia video. Umeme ukienda, munara unabakia ku batri na groupe. Batri ikichoka, telefone zetu zinatafuta munara wa mbali zaidi. (Waya mukubwa wa Inga, kilometa karibu 1,700, unamalizikia hapa Kolwezi, lakini munajua vile usiku wetu unakuwa.) Namna ya kutambua ni hii: karibu na modemu, telefone moja tu, siku kazaa zenye kufuatana. Kama asubui iko muzuri na usiku iko mubaya, usinunue kitu cha kuweka mu nyumba. Kama asubui pia iko mubaya, beba kaye yako kwa ajanse ya kampuni yako. Mutu mwenye anasema «rezo haitembei» wanamujibu «tutaangalia». Mutu mwenye anaweka juu ya meza saa, fasi na namba za siku saba, wanaita fundi.

Sasa tutoke Kolwezi kidogo, juu wengine wanafikiri kila kitu kinaweza kutengenezwa. Mashini kubwa yenye inaongoza muchezo haiko hapa. Kufuatana na muchezo, inaweza kuwa Johannesburg, ao Ulaya. Mwangaza ndani ya waya wa fibre unatembea karibu kilometa 200,000 kwa sekonde. Kutoka hapa mupaka Johannesburg ni karibu kilometa 1,700 kwa mustari wa moja kwa moja. Kuenda na kurudia, ni milisekonde 17 hivi. Mupaka Frankfurt ni karibu kilometa 7,000. Kuenda na kurudia, karibu 70, na ile ni kama waya ungenyooka, lakini haunyooki. Hakuna forfe yenye inafupisha Afrika. Kwa hiyo, kama muchezo unaruhusu kuchagua eneo, kijana achague ile yenye inamupa namba ya chini, si ile yenye rafiki zake wanasifu.

Na mara mingine mbaya wetu iko chini ya bahari. Mu Januari 2020 waya kubwa za intaneti zenye kupita pembeni ya Afrika ya Magaribi, WACS na SAT-3, zilikatika. Mbele ya ile, mu mwisho wa 2019, mto Kongo ulikuwa umejaa kupita vile ulivyokuwa tangu miaka ya 1960. Matope yenye mto ulikuwa umerundika ku mudomo wake iliporomoka mu bonde lenye liko chini ya bahari na kukimbia zaidi ya kilometa 1,000, ikikata waya. Mu Agosti 2023 ikafanyika tena. Na ule mto, ku kichwa chake, unaitwa Lualaba: ni maji yetu, yenye inapita Nzilo na Nseke. Niliwaeleza wanafunzi wangu, na mumoja akauliza kama matope ya Kolwezi inaweza kuwa ilifika mule. Ni ulizo muzuri ya jiografia, sikuifunga.

Maneno mafupi juu ya telefone yenyewe. Kama namba iko ya kijani lakini picha inaruka-ruka, rezo haina kosa. Telefone imejaa, ao imechomeka. Futa video za zamani, toa ile kifuniko chenye kufunika mugongo wake, usicheze wakati inachajiwa, shusha uzuri wa picha mu parametre ya muchezo. Mara nyingi ile inatosha.

Na hapa ninasema kwa nguvu. Watoto watawaletea programu zenye kuahidi «kushusha pingi» ao kutoa almasi za bure za muchezo. Programu haiwezi kusogeza Johannesburg karibu. Zingine zinapitisha kila kitu cha telefone ku mashini ya mutu musiyemujua, na njia inakuwa murefu zaidi. Zile za almasi zinaomba neno la siri, kisha namba ya telefone, kisha kode ya M-Pesa, ya Airtel Money ao ya Orange Money. Feza ya vikwembe iko mule. Kode ya mama isijulikane na mutoto, hata mutoto mupole.

Inabakia antene ya satelaiti, juu mutaniuliza. Mu Machi 2024 ARPTC ilionya kama Starlink haikuwa na ruhusa mu inchi yetu. Mu Mei 2025 ilipata ruhusa. Satelaiti zake ziko karibu kilometa 550 juu yetu, wakati zile za zamani ziko karibu 36,000, na ndiyo sababu zile za zamani zilikuwa zinaongeza nusu sekonde ku kila safari na hazikufaa kwa muchezo. Hii ya mupya inafaa. Lakini inakula umeme kati ya wati 50 na 100 bila kupumzika; ikikosa batri, inazimika pamoja na taa. Tena inalipwa kila mwezi. Na kama telefone ya baba ingeendelea kupandisha video mangaribi, foleni ingejipanga ku antene ya mupya vilevile. Nyumba tatu ku avenue moja zikijiunga na kulipa pamoja, mbele ya kukubaliana wasome masharti ya mapatano yenyewe. Nyumba moja peke yake, kwa sababu ya muchezo, mimi ningengoja.

Mama wa Manika aliweka kaye mbele ya watoto wote, mustari wa musichana ukiwa umepigwa alama ya bluu: «Yaya peke yake: hakuna mabadiliko.» Kijana aliomba musamaha, kwa sauti ya chini lakini aliomba. Sasa musichana anasoma nyumbani saa moja mupaka saa tatu, na kijana anacheza saa kumi na moja mupaka saa kumi na mbili na nusu, karibu na dirisha. Likelemba ilifika juma iliyopita. Nusu ilienda ku batri moja na taa, nusu ku feza ya masomo.

Nitaleta kopi kumi na tano za ile karatasi ya mistari mine Siku ya Posho ku mukutano. Mukuje na vijana wenyewe, na telefone zikuwe na chaji, juu umeme haujaahidi mutu kitu.